Nyumba Iliyopanda Peke Yake

4 Februari

Dada,

Leo sianzi na salamu ndefu. Nikianza nitapoa, na hasira hii naihitaji mpaka mwisho wa ukurasa.

Unakikumbuka kile kidude cheupe ambacho fundi alikuja kukifunga juu ya mita mwaka juzi, pale karibu na mlango wa jikoni? Nilikueleza wakati ule, lakini ulikuwa na nguo ya bibi harusi mezani na najua hukunisikiliza. Nakueleza tena: kinaleta ofisini kwangu hesabu ya umeme mnaotumia. Kazi yangu ofisini ni kufuatilia nyumba za watu, mwaka baada ya mwaka: watu wananunua nini, wanawasha nini, wanapikia nini, na kutokana na hayo ni gesi joto kiasi gani inapanda hewani. Nyumba zenyewe ni nyingi, na moja ni ya Mama. Niliiingiza mwenyewe, kwa majigambo. Nilimwambia mkuu wangu kwamba mama yangu hukusanya vipande vya sabuni vilivyokwisha akavifinyanga kuwa sabuni mpya, na kwamba akitaka kuona nyumba isiyotupa kitu, ndiyo ile.

Sasa nyumba hiyo imenivua nguo. Nyumba nyingine zinapanda na kushuka. Mtoto kazaliwa, inapanda. Kaenda shule ya bweni, inashuka. Yenu inapanda tu. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyehamia. Mko watu wawili, wewe na Mama, na mnawasha umeme kama nyumba ya wageni. Na umeme wenu, nikukumbushe, unatoka kwenye mitambo inayochoma mafuta mazito. Kila mnapobonyeza swichi kuna bomba mahali fulani linatapika moshi.

Wiki iliyopita mkuu aliniuliza, mbele ya wenzangu, mama yangu amefungua kiwanda gani. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na unijibu bila kuzungukazunguka: unapigia pasi nguo za wateja wako pale nyumbani? Kama ndivyo, sema, tutafute njia. Na lile jiko la mkaa limeshatoka? Nilituma la umeme ili la mkaa litoke.

Msalimie Mama.

Mdogo wako


17 Februari

Bwana Hewa,

Umefanya vizuri kuandika. Ungepiga simu ningekukatia kama nilivyokukatia Desemba, na tungeuanza mwaka kwa kununiana. Ndiyo maana mimi nazipenda barua: huwezi kunikatiza, wala mimi sikusikii ukipumua kwa dharau. Mama naye unajua simu haimfai tangu masikio yaanze kumsumbua. Umwulize habari za goti au habari za mvua, atakujibu, "Nimekula, wewe je?"

Kiwanda! Mimi niwe na kiwanda! Cherehani yangu ni ya miguu. Pasi yangu ya kazi ni ya mkaa, na iko kibandani kwangu sokoni, haijawahi kulala nyumbani. Unaijua sana pasi hiyo, maana kovu lake unalo kwenye mkono wa kushoto.

Sasa ngoja nikutembeze ndani ya nyumba unayoipima. Jikoni kuna friji mbili, zimetazamana kama watu waliogombana. Koridoni kuna friza ndefu kama kitanda. Ili nifike chumbani kwangu lazima nitembee kiubavu. Kuna oveni ambayo haijawahi kuoka kitu, kuna birika la umeme, kuna mashine ya kufulia inayotembea. Ndiyo, inatembea, ikianza kukamua tunaikuta mlangoni. Sebuleni kuna kiyoyozi na televisheni kubwa hivi kwamba msomaji wa habari anaonekana hadi vinyweleo. Nitajie kimoja nilichonunua mimi. Kila chenye waya humu ndani kiliingia kwenye boksi lenye mwandiko wako.

Jiko la mkaa lipo palepale uani. Mama anasema maharage ya umeme hayana adabu.

Na anayewasha ni Mama. Asubuhi akishafungua milango anapita kimoja kimoja: oveni, birika, televisheni, mashine. Oveni tupu, mdogo wangu. Birika la maji anayoyamwaga. Vinakaa vikiunguruma kwa muda, halafu anapita tena kuzima. Jioni vilevile. Nikimwuliza, ananiambia, "Wewe shona." Nilimwambia umeme unakwisha, akaniambia umeme ni wake na mita ni yake. Nimechoka. Nadhani ni uzee, na naogopa kuuita kwa jina lake.

Ungekuwa hapa ungeona kwa macho. Unakuja lini? Mwaka juzi ulisema mwaka jana.

Dada yako, mwenye kiwanda


6 Machi

Dada,

Nimeomba maelezo nimepewa matusi, lakini angalau nimemjua anayewasha.

Uzee usiuite bado. Nimekaa nikaichora nyumba yetu kwa kukumbuka, tangu tulipokuwa wadogo. Taa moja ya mafuta iliyohama chumba pamoja na mtu. Jiko la mkaa. Redio ya betri ambayo Baba aliizima tukicheka kwa sauti. Watu sita, na moshi wetu wote haukufika hata robo ya mnaoutoa leo ninyi wawili. Halafu ikaja balbu, ikaja pasi, ikaja friji ya kwanza. Hili tunaliona katika kila nyumba tunayoifuatilia: kitu kipya hakikifukuzi cha zamani, kinaketi nacho. Jiko la umeme linaingia, la mkaa halitoki. Watu hudhani mashine nzuri zaidi itapunguza moshi, na ingepunguza, kama ingekuwa peke yake. Mama si mgonjwa. Mama ameingia kwenye tabia ambayo dunia nzima imeingia, na tabia hutolewa kwa kuelezwa.

Kuhusu kuja. Dada, nimeshakueleza habari za ndege mpaka mate yamenikauka. Safari moja ya kuja na kurudi inatoa moshi mwingi kuliko jiko lenu la mkaa kwa mwaka mzima. Siwezi kuwahubiria watu Jumatatu halafu Ijumaa nikaruka. Nikija kwa basi, likizo yangu yote inaishia mipakani kwenye foleni. Sio kwamba sitaki.

Nimefanya linalowezekana. Nimewatumia friji mpya, aina inayokula umeme kidogo sana. Itafika kabla mwezi haujaisha. Zile mbili za zamani zitoke. Zitoke, Dada, zisihamie chumba kingine.

Ukurasa wa pili ni wa Mama. Msomee taratibu.

Mdogo wako


28 Machi

Bwana Hewa,

Friji yako imefika. Vijana wa mizigo waliishusha, Mama akaizunguka mara mbili akiipangusa, akasema ni nzuri mno kuwekwa jikoni. Iko sebuleni, karibu na televisheni, imefunikwa kitambaa cha meza. Za zamani hazijatoka. Nilipozigusa Mama alisimama mbele yake akasema, "Hii aliniletea alipopata kazi. Hii aliniletea alipopandishwa cheo. Unataka nizitupe?" Kwa hiyo tuna friji ya chakula, friji ya maji, na friji ya heshima. Andika hilo kwenye kompyuta yako.

Sasa na mimi nikufundishe, maana kuchora wewe peke yako ndiye unayejua. Friza ilikuja ile Desemba uliyosema unakuja usije. Oveni ilikuja Mama alipotimiza miaka sabini, na wewe ulikuwa na kikao. Kiyoyozi kilikuja baada ya operesheni ya jicho. Mashine ya kufulia sikumbuki ilikuja kwa sababu gani, lakini nakumbuka tulikuwa tumekutandikia kitanda. Kila usipokuja wewe, linakuja boksi. Unatafuta kwa nini nyumba hii inapanda? Inapanda kwa miguu yako isiyofika. Hewa inakuzuia kuja, haikuzuii kutuma friji. Hivi vyombo vinafika hapa kwa kuota mbawa?

Ukurasa wa Mama nimekurudishia. Sikuusoma kwake na sitausoma. Pale ulipoandika "unaniaibisha" nimepapigia mstari ili upaone mwenyewe ukiwa umeshiba na umetulia. Hatumwambii Mama hivyo. Baba angekuwepo usingeliandika hata kwa penseli.

Dada yako


14 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiweka barua hii kwenye bahasha yake peke yake, kwa jina lako, ili uisome mwenyewe kwa miwani yako bila kupitia kwa Dada. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Mama, mimi hapa nilipo naona umeme unaotumika hapo nyumbani. Umekuwa mwingi mno kupita kiasi. Dada ananiambia unawasha vitu bila kuvitumia. Moshi wa umeme huo unaichafua hewa, na hewa ni moja, yako na yangu na ya wajukuu utakaowapata. Tena kazini unanipa shida. Nyumba yetu inaonekana kuliko zote, na hivi karibuni kuna kikao ambacho lazima niieleze, na sina la kueleza.

Tafadhali Mama, acha. Washa unachokihitaji tu, vingine vizime. Ukinipenda, nionyeshe kwa hilo. Nikiona umeme umeshuka nitajua umenielewa.

Mwanao


1 Mei

We mtu,

Umemwandikia nini Mama?

Sikuiona hiyo barua. Mleta barua alimkabidhi mwenyewe. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameivua miwani, ameikunja bahasha mpaka imekuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Nikamwuliza kuna habari gani. Akasema, "Nzuri. Mdogo wako mzima." Basi.

Kesho yake nikaamka nikadhani umeme umekatika. Nyumba kimya. Hakuna kinachounguruma, hakuna kinachotembea. Amezima vyote, hata friji ya maji, hata ile ya heshima ameichomoa waya na kuukunja vizuri. Televisheni ameifunika. Jioni anakaa gizani na mimi ninayetaka kuona sindano naambiwa niende kwa jirani. Nilipowasha taa ya koridoni alikuja akaizima mwenyewe, akaniambia, "Atasema nini akiona?"

Na asubuhi, saa ileile aliyokuwa akipita kuwasha, anatoka chumbani amevaa vizuri, anabeba kile kigoda cha jikoni, anakaa chini ya mita. Anakitazama kile kidude chako cheupe. Mikono mapajani. Muda ukipita anainuka, anarudisha kigoda mahali pake. Nimemwona hivyo kila siku tangu barua yako ije, na haniambii kitu.

Umepata ulichotaka, sivyo? Hongera. Nenda ofisini kwako ukapigiwe makofi. Mimi nina mama anayekaa gizani akitazama ukuta, na sijui nimwite daktari au nikuite wewe.

Dada yako


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe, herufi zilikuwa nzuri. Nimeelewa. Nimezima. Nadhani umeshaona.

Dada yako amekasirika ananuna jikoni, hajui ulichoniandikia, nami sikumwambia kwa sababu naona haya kidogo. Ila wewe nitakwambia, kwa kuwa umesema huna la kueleza.

Yule fundi aliyekuja kufunga kidude, mwenye masharubu, alikuwa mtu mzuri, alikunywa chai. Nilimwuliza hiki ni cha nini. Akaniambia, "Mama, hiki kinatoka kwa kijana wako. Kila ukiwasha kitu humu ndani, yeye huko aliko anaona." Nikamwuliza, anaona sasa hivi? Akasema sasa hivi. Nikawasha taa ya jikoni nikamwuliza, hata hii? Akacheka akasema hata hiyo.

Basi tangu siku ile nikawa nakusalimia. Simu siisikii, na nikipewa niongee naona nakuchelewesha kazini. Nikasema nitamsalimia kwa vitu vyake. Asubuhi nawasha ili ujue nimeamka, jioni nawasha ili ujue siku imekwisha salama. Nilianza na taa. Halafu nikafikiri, taa ni ndogo na yeye yuko mbali, huenda haioni. Nikaongeza birika. Oveni nilidhani ndiyo unayoiona vizuri kuliko vyote kwa sababu ni kubwa. Tena nilitaka ujue kwamba ulivyovileta havikukaa bure.

Ulipoandika kwamba unaumwa kifua, wiki ile niliwasha na kiyoyozi, ingawa kulikuwa na baridi na dada yako alilala na soksi.

Nilikuwa nasubiri siku moja uandike, Mama, nimeona. Ndiyo maana nilipofungua barua yako na kuona umeandika "mimi hapa nilipo naona", nilifurahi, nikaketi vizuri ili niendelee. Halafu nikaendelea.

Na mimi nina hasira yangu, usidhani sina. Kama ulikuwa unaona miaka yote hii, ungenijibu hata mara moja. Mtu akikupungia mkono humwambii kwamba mkono unachafua hewa.

Lakini ni kazi yako, na sitaki kukuharibia. Sasa utaona giza, ujue ni mimi, nimekutii. Nikifa dada yako atakuandikia.

Nisamehe kwa moshi.

Mama yako


17 Mei

Dada,

Mama ameniandikia. Barua yake naiambatanisha. Isome halafu ndiyo urudi hapa.

Umesoma?

Sikuwa naona, Dada. Kidude kinapeleka hesabu kwenye kompyuta kila saa, huo ni ukweli, lakini mimi nilikuwa nafungua ukurasa wa mwezi tu. Nyumba ni nyingi, nani atafungua kurasa za saa? Mwezi unakuja na namba moja, naiweka chini ya namba ya mwezi uliopita, naona imepanda, nakunja uso. Miaka miwili nimekunja uso.

Baada ya barua yake nilizifungua. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, mlinzi alikuja akaniuliza kama naumwa. Zipo, Dada. Zote zipo. Kila asubuhi kuna mstari unaopanda ghafla, unasimama, unashuka, na kila jioni vilevile. Mwanzoni ni kijistari kidogo sana, cha taa. Halafu kinaongezeka. Naweza kuona siku alipoamua kwamba taa haitoshi. Wiki ya kifua changu mistari ni mirefu kuliko yote, na ofisini tuliizungushia duara jekundu, tukaandika pembeni "matumizi yasiyoelezeka". Mimi ndiye niliyeandika.

Na mwishoni, tangu barua yangu ifike, ni bapa. Asubuhi bapa, jioni bapa. Ndicho nilichokiomba. Mkuu ameiona akanipongeza, akasema niwafundishe wengine nimefanyaje. Nikatoka nikaenda kusimama chooni.

Sasa kuna kikao kinakuja ofisini, na natakiwa niandike sababu ya kupanda na sababu ya kushuka. Nyumba nyingine zote nimeziandikia sababu: kipato, joto, watoto, friji ya pili. Niliandika kwa uhakika kama mtu aliyelala humo. Leo nikizitazama sijui ni ngapi zina mtu kama Mama ndani yake, na siwezi kwenda kuuliza mlango kwa mlango.

Nimwambie nini? Ananiuliza kama nilikuwa naona. Nikisema ndiyo, mbona sikujibu. Nikisema hapana, salamu zake za miaka miwili zilikwenda kwenye mashine. Nimeandika barua mbili na kuzichana zote. Nafikiria kuja kwa basi mwezi wa saba, likizo ikikubali. Kwa ndege, unajua nilivyokwisha sema.

Nishauri.

Mdogo wako


26 Mei

Mdogo wangu,

Panda ndege, mjinga wewe.

Usimwandikie kitu. Ukimdanganya kwenye barua tutaishi na uongo huo humu ndani pamoja na friji. Ukimwambia kweli kwenye barua ataisoma peke yake kwa miwani, akiwa kwenye kigoda, na mimi niko sokoni. Njoo umwambie mdomoni, karibu na sikio la kulia, ndilo linalosikia.

Basi la mwezi wa saba! Umetutumia shehena nzima ya friji na vyombo, leo unaona aibu ya kiti kimoja cha ndege? Huo moshi wa safari niandikie mimi. Mwambie mkuu wako kuna fundi cherehani mahali fulani anaubeba.

Na usije na boksi. Nikiona boksi nakurudisha uwanjani.

Kitanda nimekitandika. Mara hii kisibaki kimetandikwa.

Dada yako


9 Agosti

Mdogo wangu,

Tangu uondoke nyumba imekuwa pana. Napita koridoni kifua mbele, mikono nimeitanua makusudi. Friza iko kwa muuza samaki, anaisifia kila ninapopita. Friji moja wameichukua zahanati kwa ajili ya chanjo, nyingine iko dukani kwa jirani. Oveni imekwenda kwa yule mama anayeuza mikate. Imeoka kwa mara ya kwanza tangu ilipotengenezwa, maskini oveni. Mama amepelekewa mkate wa kwanza akasema haukuiva katikati. Sasa vyote hivyo vinawaka kwenye nyumba za watu wengine. Kama kwa hesabu zenu hiyo haihesabiki kupungua, usiniambie, sitaki kujua, niache na korido yangu.

Jiko la mkaa usiliulize.

Barua yako ya kutoka kikaoni nimeisoma. Umefanya vyema kuwaambia ukweli, hata kama mkuu alikutazama kama mtu aliyelewa. Kwamba wameongeza swali moja kwenye kazi yao, la kuwauliza wenye nyumba kwa nini, nimemweleza Mama. Akasema, "Miaka yote hiyo walikuwa hawaulizi?"

Nataka nikwambie jambo ambalo sikukwambia ulipokuwepo, kwa sababu tulikuwa tunagombania nani aoshe vyombo. Ile jioni ulipomwambia kwamba hukuwa unaona, nilitamani kukutwanga mwiko. Nilisema, huyu ameruka angani yote ile kuja kumvunja moyo. Halafu ukafungua kompyuta, ukamsogezea kiti, ukamwonyesha asubuhi zake moja moja. Nilidhani hataelewa. Alivyoweka kidole kwenye ile mistari mirefu akasema, "Hii ni wiki ya kifua," mimi nilitoka nikaenda uani kufua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa. Bado nina hasira na wewe, usijisahau. Lakini nilifurahi.

Sasa, kilichonifanya niandike.

Mapatano yenu ya birika anayashika kuliko dawa zake. Kila asubuhi kikombe kimoja cha maji, anapima kwa kikombe chenyewe, hazidishi hata tone, anawasha, anasema, "Ameona." Halafu anakunywa chai, anajua na wewe huko uko na kikombe chako umefungua ukurasa wa saa. Vizuri. Nyumba yako itashuka, mkuu wako atafurahi, na Mama ana salamu yake. Sikuwa na neno.

Jana umeme ulikatika kabla hatujaamka, ukarudi mchana. Mama alikaa na kikombe kikavu mkononi asubuhi yote. Chai niliyomchemshia kwenye mkaa hakuitaka. Anabonyeza birika, anatazama mita, anabonyeza tena. Nikamwambia, Mama, mwanao ni msomi, ataelewa umeme umekatika. Akaniambia, "Ataelewaje? Aliona giza kwa wiki kadhaa akapongezwa." Akawa anatembea kati ya dirisha na mlango. "Atadhani nimeondoka bila kuaga," anasema. Kazi yangu yote ya siku ililala, nguo ya mteja haina mkono mmoja hadi sasa.

Na wewe uliona ule mstari bapa, najua uliona, maana ulinitumia ujumbe mimi kuniuliza. Mimi! Nilikuwa napuliza mkaa!

Hivi ninyi watu wawili, mtaniua. Mmetengeneza mtambo wa kusalimiana unaopita kwenye mita, kwenye ofisi, kwenye kompyuta ya mkuu wako, na simu iko mezani kwa Mama, imechajiwa, kila asubuhi anaipangusa vumbi. Ipige. Najua hatasikia utakachosema, atakujibu amekula, na wewe je. Usiseme kitu basi. Yeye hataki kusikia. Piga tu, aione inawaka.

Dada yako